BAISKELI MIGONGONI MWA KILIMANJARO: Bidhaa ipo, gredi bado

MLIMA Kilimanjaro una bidhaa moja inayojulikana duniani kote, nayo ni kilele. Mgeni hushuka katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), hulala usiku mmoja Moshi au Arusha, hupakiwa kwenye gari hadi lango la hifadhi, hupanda kwa siku tano hadi nane, hushuka na kwenda zake. Gharama karibu zote ameshazilipa kabla hajaondoka kwao. Mwenye kihamba aliye kando ya barabara ya Machame au Marangu huambulia vumbi la gari na mkono wa kupungiwa dirishani.

Wiki hii ukurasa huu unaitazama bidhaa ya pili ya mlima huo huo. Bidhaa hiyo ni barabara na njia zilizo chini ya msitu, zinazopita katikati ya migomba na mibuni, zikishuka korongo na kupanda mgongo, kutoka Siha upande wa magharibi hadi Rombo upande wa mashariki. Mnunuzi wake ni mtalii wa baiskeli.

Hoja yetu ni ya kibiashara. Mtalii wa gari hununua mjini, na mtalii wa baiskeli hununua njiani. Gari hukipita kijiji kwa dakika mbili, lakini baiskeli inayopanda mlima hukipita kwa nusu saa au zaidi, na aliye juu yake ana kiu, ana njaa, na pengine tairi lake limepata pancha. Kila kituo ni soko dogo. Swali ni nani amejiandaa kuuza katika soko hilo, kwa bei gani, na kama bei hiyo inamrudishia gharama zake.

MNUNUZI NI NANI

Wapo wanunuzi wa aina tatu, na kila mmoja ana mahitaji yake. Mfanyabiashara anayewachanganya atapoteza wote.

Wa kwanza ni mpanda mlima mwenye siku moja au mbili za ziada, kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Hana baiskeli yake. Anataka akodishiwe, apewe kiongozi wa njia, atoke asubuhi na arudi mjini kabla ya jua kuzama. Huyu ndiye aliye karibu zaidi, kwa kuwa tayari yuko Moshi na tayari ametenga fedha za safari. Tatizo lake ni miguu. Aliyeshuka kutoka kileleni jana hana hamu ya kupanda tena mita 900 kwa pedali. Huyo auziwe tambarare au mteremko. Mwinuko auziwe yule ambaye bado hajapanda, anayetaka kuizoesha miguu na mapafu.

Wa pili ni msafiri wa masafa marefu, mwenye baiskeli yake, mizigo imefungwa kwenye keria mbele na nyuma, anayetoka nchi moja kwenda nyingine. Tangu mwaka 2003 kuna msafara wa kila mwaka wa baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, uitwao Tour d'Afrique, ambao kwa desturi huingia Tanzania kwa Namanga na kupumzika Arusha, kilomita 80 hivi kutoka Moshi. Wapo pia wanaosafiri peke yao au wawili wawili mwaka mzima. Huyu hakodi baiskeli wala hahitaji sana kiongozi. Anachonunua ni chakula, kitanda, maji, matengenezo, na zaidi ya yote habari za kuaminika kuhusu hali ya barabara iliyo mbele yake.

Wa tatu ni mkazi wa Tanzania: mfanyakazi wa Dar es Salaam au Arusha aliye likizo, mgeni anayefanya kazi nchini, mwanafunzi wa chuo, pamoja na Mchagga anayerudi nyumbani Desemba. Huyu hulipa kwa shilingi na hujadili bei, lakini ana sifa moja ambayo mgeni wa nje hana: hurudi tena, na huja hata miezi ambayo ndege za wageni zina nafasi.

MLIMA ULIVYOPANGIKA

Huwezi kuuza barabara za Kilimanjaro bila kuelewa jinsi mlima wenyewe ulivyokaa. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari. Ukanda wa vihamba unaanzia hapo juu kidogo na kufika takriban mita 1,800, ambako msitu huanza. Mito inayotoka msituni, kama Kikafu, Weruweru, Karanga na Rau, imechimba makorongo marefu kuelekea kusini. Kati ya korongo na korongo umebaki mgongo, na juu ya mgongo ndipo watu walipojenga na kulima.

Matokeo yake ni kwamba barabara nyingi za mlima zinapanda na kushuka kufuata migongo, mithili ya spoki za gurudumu. Kutoka mjini kwenda Machame, Kibosho, Uru au Old Moshi ni kupanda mgongo mmoja moja kwa moja. Kutoka Kibosho kwenda Machame bila kurudi chini ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ni lazima uvuke Weruweru. Kwenye ramani vijiji viwili vinaweza kuonekana majirani, lakini mwendesha baiskeli atashuka hadi darajani akiwa ameshika breki, kisha atasukuma baiskeli yake kwa mkono upande wa pili. Kilomita kumi za kukata migongo zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko kilomita thelathini za kuelekea Himo.

Hapa ndipo wauzaji wengi wa safari hujikwaa. Wanatangaza kilomita. Katika nchi ya makorongo kilomita si kipimo cha kutosha. Mnunuzi anapaswa kuambiwa atapanda mita ngapi, kwenye lami au kwenye udongo, na mara ngapi atavuka mto.

NJIA ZENYEWE

Zikipangwa kwa ugumu, njia za Moshi na miteremko ya Kilimanjaro zinagawanyika katika makundi matano.

Kundi la kwanza ni tambarare ya kusini. Kutoka mjini mtu huingia Msitu wa Rau, hutokea kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, yaliyo katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Mbele zaidi kuna mashamba ya miwa ya TPC. Upande wa Hai, chini ya Boma Ng'ombe, ziko chemchemi za Kikuletwa, ambazo wengi huziita Chemka. Njia hizi hazina mwinuko wa kutisha. Adui ni joto, vumbi na miiba ya migunga, ambayo hutoboa tairi bila huruma. Mwenye biashara hii asitoke mjini bila tyubu za akiba na gundi.

Kundi la pili ni mgongo mmoja kwa siku moja. Mfano ni Moshi hadi Materuni, Uru Mashariki, mwendo wa kilomita 15 hivi wenye mwinuko wa zaidi ya mita 500, na juu yake yako maporomoko ya maji na wakulima wanaoonyesha wageni jinsi kahawa inavyomenywa, inavyokaangwa na kutwangwa. Mfano mwingine ni Old Moshi hadi Kidia, au Kibosho kuelekea Umbwe. Kwa Machame, lango la hifadhi liko mita 1,800 hivi, hivyo anayetoka mjini kwa pedali amepanda karibu kilomita moja kwenda juu. Njiani, si mbali na barabara hiyo, iko Lyamungo, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934.

Kundi la tatu ni kukata migongo, yaani kupita vijijini kwa mzunguko bila kurudi barabara kuu. Hii ndiyo bidhaa bora kwa macho, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa miguu na kwa breki. Mtalii huona mifereji ya asili ya Wachagga ikitiririsha maji kwenye kingo za korongo, huona ng'ombe wakilishiwa zizini, na akina mama wakishuka sokoni na mikungu ya ndizi. Bila kiongozi mwenyeji njia hizi hazipitiki, kwa sababu kila baada ya nyumba chache kuna njia panda.

Kundi la nne ni safari za siku kadhaa. Moshi hadi Himo, kisha Marangu, Mwika, Mkuu na Tarakea, ni njia yenye lami sehemu kubwa na ina nyumba za wageni katika miji midogo. Anayetaka kupunguza mwinuko hushuka upande wa Ziwa Chala, lililo ndani ya kreta ya volkano mpakani mwa Tanzania na Kenya. Anayetaka kuuzunguka mlima huendelea Rongai, Kamwanga, Magharibi mwa Kilimanjaro, Sanya Juu na Boma Ng'ombe hadi kurudi Moshi, jumla ya zaidi ya kilomita 200. Upande wa kaskazini mvua ni chache, makazi ni ya mbalimbali, na tembo huvuka kati ya Amboseli na Kilimanjaro. Sehemu hiyo si ya kwenda bila maji ya kutosha wala bila mwenyeji, na maeneo ya Jumuiya ya Enduimet yana taratibu na ada zake.

Kundi la tano ni ndani ya hifadhi. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Richard Crane na binamu yake Nicholas Crane, walifikisha baiskeli hadi kileleni, mita 5,895, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chao kuhusu safari hiyo. Miaka ya karibuni hifadhi imeitangaza njia ya Kilema kuwa ya baiskeli, kuelekea Horombo iliyoko mita 3,720. Hii ni bidhaa ya watu wachache wenye fedha nyingi na mazoezi mengi. Tangu mwaka 2005, hifadhi ilipopanuliwa na kuuchukua msitu, anayevuka mpaka huo kwa baiskeli bila kibali hana cha kujitetea. Msomaji asidanganyike na sifa za kundi hili. Fedha za kijiji ziko katika makundi manne ya kwanza.

HESABU ZA BAISKELI MOJA

Tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mfanyabiashara aweke zake, lakini mwenendo wa hesabu haubadiliki.

Chukua baiskeli yenye gia, iliyonunuliwa kwa shilingi 1,200,000, inayotarajiwa kufanya kazi miaka mitatu. Ikitoka siku 100 kwa mwaka, itakuwa imetoka siku 300 hadi mwisho wa maisha yake. Uchakavu pekee ni shilingi 4,000 kwa kila siku ya kazi. Ongeza matairi, mnyororo, raba za breki, nyaya na ujira wa fundi, tuseme shilingi 300,000 kwa mwaka, yaani 3,000 kwa siku. Baiskeli hiyo imekula shilingi 7,000 kabla kiongozi hajapata hata chai. Ikikodishwa kwa 10,000, faida ni 3,000 kwa siku, na kwa mwaka ni shilingi 300,000.

Sasa chukua baiskeli ile ile itoke siku 40 tu kwa mwaka. Katika miaka mitatu ni siku 120, na uchakavu unakuwa shilingi 10,000 kwa siku. Matengenezo yamepungua, tuseme hadi 150,000 kwa mwaka, sawa na 3,750 kwa siku. Jumla ni 13,750. Bei ya 10,000 iliyokuwa na faida sasa ina hasara ya shilingi 3,750 kila inapotoka, na kwa mwaka hasara ni 150,000. Atakayesema baiskeli isiyotoka haichakai, aende stoo akaitazame. Raba hukauka, chuma hushika kutu, na vipuri vya muundo wake huanza kuadimika.

Baiskeli ni ile ile, bei ni ile ile na njia ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya siku. Ukiondoa miezi mitatu ya masika, Machi hadi Mei, ambapo udongo mwekundu wa migongoni huteleza kama sabuni, zinabaki siku 270 hivi. Ili kufikia siku 100, baiskeli lazima itoke zaidi ya siku moja katika kila tatu. Si jambo rahisi kwa kijana mwenye baiskeli tatu anayesubiri mgeni atokee.

Tena baiskeli tatu zina tatizo jingine. Kundi la wageni wanane likija, mwenye tatu hana cha kuwauzia. Huishia kuazima kwa jirani baiskeli asizozijua breki zake, au kulikosa soko. Vijana wanne wenye baiskeli tatu kila mmoja wana baiskeli 12 kwa jumla, lakini sokoni wanaonekana kama wafanyabiashara wanne wadogo wanaoshushiana bei. Wakiziweka chini ya paa moja, na daftari moja, wanakuwa na uwezo wa kupokea kundi la wanane na bado wakabakiwa na za akiba.

BEI INAPOSHUKA, NINI HUKATWA

Ushindani wa kushusha bei ndio hatari kubwa ya biashara hii. Wateja wa siku moja huzunguka mjini wakiulizia, na kila anayeulizwa huogopa kuwa wa bei ya juu. Bei ikishuka, gharama haishuki yenyewe. Lazima kitu kikatwe, na katika biashara ya baiskeli vya kukatwa ni vitatu.

Cha kwanza ni matengenezo. Anayeteremka kutoka lango la Marangu hadi Himo anapoteza karibu mita 1,000 za mwinuko katika mwendo usiofika nusu siku. Breki zilizolika, zinazotosha mitaa ya Pasua na Majengo, hazitoshi mteremko huo. Barabara hiyo ina malori, mabasi madogo na bodaboda, na mgeni aliyezoea kuendesha kulia anaweza kusahau upande wake kwenye kona. Ajali moja inaweza kufunga biashara ya wote, si ya aliyeisababisha peke yake. Ni bahati kwamba Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC, lakini hospitali nzuri si badala ya breki nzuri.

Cha pili ni kiongozi. Mwenye kampuni humpeleka kijana asiyejua njia wala lugha ya mgeni, asiyebeba hata pampu, kwa kuwa anakubali ujira mdogo.

Cha tatu ni kijiji. Hiki hukatwa kimya kimya. Chakula kilichokuwa kinanunuliwa kwa mama wa Uru sasa kinabebwa kwenye kisanduku kutoka mjini. Mchango wa njia haulipwi. Wageni wanapita katikati ya kihamba cha mtu, wanapiga picha mlangoni kwake, wanaondoka. Mara ya kwanza mwenye kihamba atanyamaza, na mara ya tatu ataweka mti katikati ya njia, na atakuwa na haki. Njia za migongoni nyingi hupita mashambani mwa watu, na hazina mlinzi ila ridhaa ya wenye mashamba.

SOMO LA KAHAWA

Moshi si mji wa kufundishwa namna ya kuuza mazao ya mlima. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Serikali ilivivunja vyama vikuu mwaka 1976, vikarudishwa mwaka 1984. Ununuzi wa kahawa ulipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa 1994/95, mkulima alipata wateja wengi zaidi, lakini pia alijikuta akijadili bei peke yake mlangoni kwake, bila kujua mnada unasemaje.

Katika misukosuko yote hiyo jambo moja halikubadilika. Kahawa haikuuzwa bila gredi. Punje huchekechwa kwa ukubwa na uzito, ikapatikana AA, A, B, PB na nyinginezo, kisha huonjwa. Mnunuzi aliye Hamburg au Tokyo hakuhitaji kufika Kibosho kujua ananunua nini. Gredi ndiyo iliyofanya bei ya kahawa nzuri isifungwe kamba moja na bei ya kahawa mbovu.

Barabara za baiskeli leo zinauzwa kama kahawa isiyochekechwa. Kila tangazo linasema njia ni nzuri na wenyeji ni wakarimu. Mgeni wa miaka 60 na kijana wa mashindano wanauziwa njia ile ile kwa maneno yale yale, na wote wawili wanarudi wamenuna, mmoja kwa kuchoka na mwingine kwa kutochoka. Njia za Kilimanjaro zichekechwe. Gredi iangalie mambo manne: mita za kupanda, aina ya barabara, msimu inapofaa, na umbali kati ya huduma moja na nyingine. Hizo ni taarifa zinazoweza kukusanywa na vijana wenye baiskeli, simu na daftari.

Ushirika wenyewe umekwisha kuonyesha kwamba kahawa inaweza kuuzwa mara mbili. Katikati ya miaka ya 2000 KNCU ilianzisha Kahawa Shamba, mradi wa kuwapokea watalii katika mashamba ya wanachama wake huko Uru. Mkulima aliyeuza punje alipata pia mgeni wa kumwonyesha mbuni. Kabla yake, katikati ya miaka ya 1990, mpango wa utalii wa utamaduni wa Bodi ya Utalii na shirika la Uholanzi la SNV ulileta utaratibu wa mgeni kulipa mchango wa maendeleo ya kijiji ndani ya bei ya safari. Utaratibu huo unafaa kwa baiskeli, mradi risiti itolewe na hesabu isomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Nje ya Afrika mfano uliofanikiwa ni njia ya baiskeli ya mto Danube, kati ya Passau nchini Ujerumani na Vienna nchini Austria. Wageni huendesha kutoka mji hadi mji, hulala katika nyumba ndogo za wenyeji, na kampuni huwahamishia mizigo yao. Danube ni tambarare na Kilimanjaro ni makorongo, lakini kanuni ni moja: njia inajulikana, imewekwa alama, na kila umbali wa nusu siku kuna mtu anayeuza kitanda na chakula. Mtalii akishahakikishiwa hayo, haulizi sana bei.

MAPENDEKEZO YA UKURASA HUU

Kwa vijana waongozaji: unganeni. Kikundi kimoja chenye baiskeli nyingi, fundi wake na daftari lake la matengenezo kitapata siku za kazi ambazo mtu mmoja mmoja hawezi kuzipata. Kwa kuwa leseni ya biashara ya utalii, iliyokuwa ikiitwa TALA, inahitaji mtaji, kikundi kinaweza pia kuingia mkataba na kampuni iliyo nayo, kwa maandishi, bei ya baiskeli na ujira wa kiongozi vikitajwa mbalimbali. Vikichanganywa katika tarakimu moja, kinacholiwa kwanza ni uchakavu, na miaka mitatu baadaye hakuna fedha ya kununua baiskeli mpya.

Kwa wenye hoteli na kampuni za kupandisha wageni: siku ya ziada ya mgeni ni bidhaa mnayoitupa. Wekeni safari ya baiskeli katika orodha ya bei tangu mgeni anapoandika barua ya kwanza. Akishafika na kuulizia barabarani, atanunua kilicho rahisi.

Kwa wakazi wa Marangu, Mwika, Mkuu, Tarakea na Sanya Juu: mtalii wa masafa marefu hahitaji hoteli ya ghorofa. Anahitaji chumba safi kinachofungwa, chenye nafasi ya baiskeli kulala ndani, maji ya kuoga ya moto, na chakula kingi. Sahani ya ndizi na nyama, au bakuli la mtori, ni chakula kinachomfaa mtu aliyepanda mlima kutwa nzima kuliko vipande viwili vya mkate.

Kwa serikali za vijiji: kubalianeni kiwango kimoja cha mchango wa njia kwa mgongo mzima. Njia moja ikipita vijiji vitatu na kila kimoja kikaweka kizuizi chake, kampuni zitahamia mgongo wa jirani. Kamwe msidai ada barabarani kwa mgeni mwenyewe, bali idaiwe kwa kampuni, kwa mwezi, kwa orodha.

Kwa wanaofikiria mbali zaidi, Moshi inaweza kuwa mwanzo wa safari ya milima hadi bahari: kushuka Mwanga, kupanda Ugweno na Usangi katika Pare Kaskazini, kurudi Same, kuingia Usambara hadi Lushoto, na kumalizia Pangani au Tanga. Hiyo ni safari ya zaidi ya wiki moja, na kila usiku wake unalipwa katika mji mdogo tofauti. Lakini anayeshindwa kupanga gredi ya njia ya Uru hataweza kuuza njia ya Pangani.

Mibuni mingi ya vihamba ni ya zamani, vihamba vyenyewe vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vimekuwa viwanja, na vijana wanashuka Moshi, Arusha na Dar es Salaam kutafuta riziki. Baiskeli haitaziba pengo lote la kahawa, na atakayeahidi hivyo anauza ndoto. Inachoweza kufanya ni kuongeza mstari mmoja wa mapato katika daftari la kaya ambayo leo ina mistari miwili au mitatu tu: mkungu wa ndizi, lita za maziwa, kilo za kahawa, na sasa chakula cha mchana cha wageni sita siku ya Jumanne.

Mstari huo utaandikwa au hautaandikwa kulingana na bei itakayopangwa mjini. Bei ikiwa ya kweli, breki zitakuwa nzima, kiongozi atalipwa na mama wa Uru atapika. Bei ikiwa ya kutupa, mgeni atapita na chakula chake kwenye kisanduku, na mwenye kihamba atabaki na vumbi, safari hii la baiskeli.